Replicat iliyosahaulika na diski inayojaa

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya Oracle GoldenGate, programu inayonakili mabadiliko ya kanzidata moja hadi nyingine, hasa faili za treili, zile ambamo mchakato wa Extract huandika mabadiliko hayo kabla Pump haijayasafirisha upande wa pili, ambako Replicat huyaingiza.

Shikamoo mwalimu. Tumeweka USECHECKPOINTS na MINKEEPDAYS 3 (faili zitunzwe angalau siku 3) lakini faili za mwezi uliopita bado zipo na diski inakaribia kujaa. Kwa nini? (Posta)

Marahaba. Kuweka USECHECKPOINTS mmefanya vyema. Kwa mpangilio huo Manager, mchakato unaosimamia mingine, haifuti faili mpaka kila mchakato unaoisoma uwe umeimaliza. Siku 3 ni kiwango cha chini tu. Sasa msakeni ambaye hajamaliza. Mara nyingi ni Replicat ya majaribio iliyoachwa na mtu aliyekwisha kuhamia kazi nyingine: imesimama, ila chekipointi yake (alama ya ilipofikia kusoma) bado imeng'ang'ania faili ya zamani. Pigeni INFO REPLICAT * mlinganishe namba za faili. Ikiwa haina mwenyewe, ingieni kwenye kanzidata kwa DBLOGIN, kisha iondoeni kwa DELETE REPLICAT. Hakikisheni pia PURGEOLDEXTRACTS, inayoagiza treili za zamani zifutwe, imo kwenye parameta za Manager, si za Replicat. Replicat inajua chekipointi zake tu, hivyo inaweza kufuta faili ambayo mwenzake hajaisoma.

Si nifute tu kwa rm? (Kijitonyama)

Hapana. Replicat ikikosa faili inayohitaji kusoma haiwezi kuendelea. Tena kama kuna mchakato ulioifungua faili hiyo, Linux hairudishi nafasi mpaka uifunge.

Seva yetu ya pili iko Johannesburg. Tutenge diski kiasi gani? (Masaki)

Kanuni ya Oracle: ujazo wa redo (logi ya mabadiliko ya kanzidata) kwa saa, mara saa mnazotaka kuhimili mtandao ukikatika, mara 0.4. Redo ya GB 10 kwa saa, kwa saa 48, inadai GB 192. Pimeni siku za mwisho wa mwezi mishahara ikiingia, si Jumapili mchana. Na saa 4 hazitoshi, msijidanganye: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchini kwa siku kadhaa. Hali kama hiyo ikirudi, Pump inakwama lakini Extract inaendelea kuandika hapa Dar. Diski ikijaa, nayo inasimama, na tegemeo lenu linabaki logi za zamani za kanzidata, kama hazijafutwa.

INFO ALL, amri ya kuonyesha hali ya michakato, inasema RUNNING kila mahali, lakini ripoti za asubuhi zina data ya jana. (Ubungo)

RUNNING maana yake mchakato uko hai, basi. Tazama Time Since Chkpt, muda uliopita tangu chekipointi ya mwisho. Ikizidi kupanda, huenda Replicat imekwama kwenye muamala mkubwa, au kwenye jedwali lisilo na ufunguo mkuu, ambapo kila UPDATE au DELETE inaweza kulazimu jedwali zima kupekuliwa. Kwa ufuatiliaji wa kila siku, washa jedwali la mapigo kwa ADD HEARTBEATTABLE, iliyopo tangu toleo la 12.2, usome ucheleweshaji kwenye mwonekano (view) wa GG_LAG.

Mshauri wetu anaomba tumtumie faili ya treili kwa WhatsApp. Kuna shida? (Mikocheni)

Kubwa. Kama hamkuweka ENCRYPTTRAIL, inayosimba treili, yeyote mwenye Logdump, zana ya kusomea treili, atasoma majina na salio za wateja wenu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Mpeni ripoti ya mchakato na ggserr.log, logi ya hitilafu ya GoldenGate. Akihitaji treili yenyewe, aje ofisini.