Kwa waongoza ndege wapya wanaotaka pia kurusha: mambo ya cheti cha afya

Vijana wanaopangiwa kazi katika mnara wa Tanga mara tu baada ya mafunzo huja na swali ambalo hawalitoi siku ya kwanza. Hukaa miezi kadhaa wakizitazama ndege ndogo zikiondoka kuelekea Pemba na Unguja, wakizizoea sauti za marubani mmoja mmoja, hadi jioni moja zamu ikiwa imetulia ndipo mmoja wao husogeza kiti na kuuliza: "Mzee, hivi mwongoza ndege anaruhusiwa naye kurusha?" Anaruhusiwa. Mimi nimebeba leseni ya mwongoza ndege na leseni ya rubani binafsi kwa miaka mingi, na naamini kila moja imeninoa katika nyingine. Ila wengi wanaoanza huwaza ada ya mafunzo na saa za kuruka, na cheti cha afya hukichukulia kama mhuri wa kupitia tu njiani. Ningependa mlijue jambo hili mapema, kwa sababu mtakuwa na leseni mbili zinazoutegemea mwili mmoja, na mwili huo hauwezi kutolewa maelezo mawili tofauti.

Msingi wake ni Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule wa mataifa kuhusu usafiri wa anga wa kiraia, ambacho hapa kwetu hutekelezwa kupitia kanuni za leseni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Vyeti vya afya vina madaraja matatu: la kwanza ni la marubani wa kibiashara na wa mashirika ya ndege, la pili ni la rubani binafsi, na la tatu ni la mwongoza ndege. Neno daraja huwapotosha wengi, wakadhani aliye na la tatu amechunguzwa kidogo kuliko aliye na la pili. Sivyo. Katika kipimo cha macho, 6/6 ni kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida hukiona kwa mita 6, na 6/9 au 6/12 ni kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho hilo hukiona kwa mita 9 au 12. Mwongoza ndege anatakiwa aone 6/9 kwa kila jicho na 6/6 kwa macho yote mawili, kwa miwani au bila miwani, ilhali rubani binafsi hukubalika akiwa na 6/12 kwa kila jicho na 6/9 kwa yote mawili. Usikivu wa mwongoza ndege hupimwa kwa mashine, na upungufu usizidi desibeli 35 katika sauti za Hz (mitetemo kwa sekunde) 500, 1,000 na 2,000, wala desibeli 50 katika Hz 3,000. Rubani binafsi asiyeruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege badala ya kutazama nje hutakiwa asikie mazungumzo ya kawaida kwa umbali wa mita 2, akiwa amempa daktari mgongo. Kwa upande wake, daktari anayemchunguza rubani hutazama kwa makini mambo ambayo ukiwa mnarani huenda yasikusumbue kamwe, kama vile mirija inayosawazisha hewa masikioni na sehemu ya sikio la ndani inayotupa mizani. Kwa hiyo msidhani cheti kimoja kinabeba kingine. Mnapoweka miadi, mwambieni daktari tangu mwanzo kwamba mnahitaji kuchunguzwa kwa madaraja mawili, ili vipimo vyote vifanyike kwa safari moja.

Jambo la macho nataka nilieleze kwa urefu, kwa kuwa lilinikuta mimi mwenyewe. Nilipofikisha miaka 43, maandishi ya stripu, vile vipande vya karatasi tunavyoandikia taarifa za kila ndege, yalianza kunikimbia, nikawa nazisogeza mbali kwa mkono kama mtu anayesoma barua ya mwenziwe. Nikanunua kwa mchuuzi miwani ya kusomea, ile ambayo kioo chake chote kina nguvu moja, nikapanda nayo mnarani. Stripu zikawa safi kabisa. Nilipoinua macho kuitazama ndege iliyokuwa inajipanga kuondoka, niliona doa jeupe lisilo na umbo. Nikaivua miwani, nikaiona ndege. Nikaivaa tena, nikaandika saa. Zamu haikufika nusu, mwenzangu aliyekuwa amenitazama mkono ukipanda na kushuka usoni akaniambia kwa upole nimpishe kiti, nami nikampisha. Alikuwa sahihi kikanuni pia, kwani miwani ya namna hiyo haikubaliki kazini, kwa sababu inampunguzia mtu uwezo wa kuona mbali wakati huohuo anapouhitaji. Kinachotakiwa ni mtu asome herufi za ukubwa wa N5 kwa umbali anaouchagua kati ya sentimita 30 na 50, asome pia N14 kwa umbali wa sentimita 100, na bado aone mbali kwa kiwango chake, yote kwa miwani moja asiyolazimika kuivua.

Mpima macho wa kawaida hajui kazi zetu, na si kosa lake. Humpimia mwongoza ndege kama anavyompimia karani. Nilichofanya baadaye ni kuchukua tepu ya kupimia, nikapima umbali kutoka jichoni hadi kwenye stripu, kisha hadi kwenye kipimo cha upepo. Siku nilipopata ndege ya kukodi nikapima tena hadi kwenye dashibodi na hadi kwenye ramani iliyo pajani. Namba hizo nne nikazipeleka kwa mpima macho zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, naye akanitengenezea miwani ya ngazi, yaani yenye nguvu tofauti kutoka juu hadi chini ya kioo, inayonihudumia sehemu zote mbili. Na msisahau jozi ya akiba: cheti kikishaandikwa kwamba ni lazima uvae miwani, basi miwani ya pili iwe karibu nawe mnarani na ndani ya ndege, isiwe nyumbani kabatini.

Upande wa rangi, daktari atawafungulia kitabu cha vidoto na kuwataka msome tarakimu zilizofichwa ndani yake. Wengine huona kama mchezo. Basi fikirini ndege iliyopoteza redio inakuja kutoka upande wa bahari wakati wa masika, nawe mnarani umeshika taa ya ishara. Kijani isiyopepesa humwambia rubani atue, nyekundu isiyopepesa humwambia aipishe ndege nyingine na aendelee kuzunguka, na nyekundu inayopepesa humwambia uwanja si salama, asitue. Nimewahi kufanya zoezi hilo nikiwa pande zote mbili, siku moja nikiwa mwenye taa na siku nyingine nikiwa hewani, na ukiwa hewani taa hiyo ni ndogo kuliko mnavyodhani, kama punje ya mtama kwenye kioo cha mnara.

Tarehe huwachanganya watu kuliko kitu kingine. Kwa viwango vya ICAO, yaani Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linalotoa kile Kiambatisho cha 1, cheti cha mwongoza ndege hudumu hadi miezi 48, na baada ya umri wa miaka 40 hushuka hadi 24. Cha rubani binafsi hudumu hadi miezi 60, nacho baada ya miaka 40 hushuka hadi 24. Kwa waliovuka miaka 50, ICAO inapendekeza miezi 12 kwa wote wawili. Muda huhesabiwa tangu siku ya uchunguzi, kwa umri uliokuwa nao siku hiyo. Hivyo ni viwango vya juu vya muda, na mamlaka ya nchi au daktari anaweza kukupa mfupi zaidi kwa sababu ya afya yako, kwa hiyo tarehe ya kufuata ni ile iliyoandikwa kwenye cheti chako, si ile ya mwenzako wala iliyo kichwani. Vipimo vingine vina ratiba yake ndani ya hiyo: usikivu wa mwongoza ndege hurudiwa angalau kila miaka 4 hadi afikishe 40, kisha kila miaka 2, na kipimo chake cha umeme wa moyo, kinachofanywa anapoomba cheti kwa mara ya kwanza, hurudiwa angalau kila miaka 2 baada ya kuvuka 50. Mimi huvifanya vyeti vyangu viwili viishe mwezi mmoja, hata kama kimoja kinapoteza miezi kadhaa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua moyo zaidi. Kabla ya kuchunguzwa utatia saini tamko linalouliza kama umewahi kuchunguzwa, lini, wapi, matokeo yalikuwaje, na kama umewahi kunyimwa, kufutiwa au kusimamishiwa cheti. Swali hilo halibagui daraja. Ukishindwa uchunguzi wa rubani mwezi wa tatu, ni lazima ulitaje kwenye tamko la mwongoza ndege mwezi wa nane. Namkumbuka kijana mmoja, mchapakazi, aliyeambiwa na daktari wa upande wa urubani kwamba mapigo ya moyo wake yanahitaji uchunguzi zaidi, akaamua kuliacha jambo hilo likae upande huo. Alifikiri anailinda ajira yake. Aliendelea kukaa kwenye redio na siri kifuani kwa miezi, na ilipojulikana, shida kubwa haikuwa moyo tena, maana moyo ulitibika, bali saini yake kwenye karatasi. Kuambiwa kwamba hufai kwa sasa si kuambiwa hufai milele. Kanuni zina nafasi ya kumpa mtu cheti chenye masharti wataalamu wakiridhika kwamba usalama hauhatarishwi, lakini nafasi hiyo humsaidia aliyesema kweli.

Vivyo hivyo, cheti kuwa hai hakuna maana kwamba wewe unafaa leo. Ukijua afya yako imepungua, hutakiwi kuitumia leseni hata kama tarehe haijafika, na hapo ndipo mwenye leseni mbili anapaswa kujiuliza mara mbili. Mafua yaliyokuziba pua huenda yakakuruhusu kukaa mnarani iwapo sauti iko wazi na kichwa hakigongi, lakini hewani mirija ya masikio ikiziba utapata maumivu makali ndege ikishuka, pengine kizunguzungu juu yake. Dawa za mafua na mzio zinazouzwa dukani bila cheti cha daktari, hasa zenye klorofeniramini, huleta usingizi, kwa hiyo hazifai upande wowote. Na kwa kuwa tunaishi pwani, niwaambie wapenda kuzamia: ukizamia kwa mtungi, usiruke siku hiyo. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini huhitaji muda kutoka, na kupanda juu huigeuza kuwa mapovu.

Dada zetu wanaofanya kazi hizi mbili wajue kwamba ujauzito nao hutazamwa tofauti. Mimba ikiwa haina hatari na daktari ameridhika, ICAO hupendekeza rubani aruke kati ya mwisho wa wiki ya 12 na mwisho wa wiki ya 26 tu, ilhali mwongoza ndege anaweza kuendelea hadi mwisho wa wiki ya 34, mradi kuwe na mtu wa kumpokea kiti upesi uchungu ukianza mapema.

Siku ya uchunguzi mwende na bahasha yenye nakala za vipimo vyote vya nyuma, hasa vya usikivu na umeme wa moyo, kwani badiliko dogo huonekana pale tu daktari anapokuwa na cha kulinganisha. Nilipokuwa kituo chenye zamu za usiku niliwahi kutoka kazini alfajiri, nikanywa kahawa mbili na kwenda moja kwa moja kwa daktari. Shinikizo langu la damu likasoma juu, nikaambiwa nirudi nikiwa nimelala, na siku tano baadaye lilikuwa la kawaida. Kwa hiyo kama daktari wenu yuko Dar es Salaam, msitoke Tanga kwa basi la usiku mkategemea kufika asubuhi na kupimwa. Ombeni siku mbili, mfike jana yake, mle mapema na mlale.