Ukuta uliotoa tumbo

Ndugu, umeuliza kama ukuta wa mawe unaoshikilia barabara juu ya genge lako la korosho, kwenye mteremko wa kushuka kutoka Newala, ni salama, maana una ufa na umetoa tumbo. Ufa peke yake usingenitisha. Tumbo linanitisha, maana linaonyesha ukuta unasukumwa kutoka nyuma.

Kwanza tazama matundu ya kutolea maji. Mvua ikinyesha, yakawa makavu huku udongo wa nyuma umelowa, yameziba. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 3, yanausukuma kwa takriban tani 4.5 kwa kila mita ya urefu wake, mbali na udongo wenyewe. Kuta nyingi huangushwa na maji, si mawe mabovu.

Pima tumbo kwa timazi (uzi wenye uzito nchani), weka alama za rangi pande mbili za ufa, andika tarehe, rudia kila wiki. Angalia pia juu: barabara ikipasuka sambamba na ukuta, hama siku hiyohiyo, hata korosho zikibaki mezani. Picha zako zipeleke TANROADS mkoani, wakala wa barabara kuu na za mkoa. Kama barabara ni ya wilaya, zipeleke TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Usizibe ufa kwa saruji, utaficha ushahidi.