Maswali ya Wasomaji: Kona 400 za Kwenda Cilaos

SWALI: Assalaam alaykum dada wa safari. Mie na mume wangu tunaenda kisiwa cha Réunion, kule mashariki ya Madagaska, siku tano mwezi wa pili, kwa shemeji anayefanya kazi mji mkuu, Saint-Denis. Nimeona picha za kijiji cha Cilaos, vijumba vya rangi chini ya majabali, roho yangu imekwama hapo hapo. Shemeji anasema tupande asubuhi turudi jioni, eti inatosha. Ni kweli? Na mie kona zinanitapisha, halafu chakula cha halali kipo? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Haitoshi, shemeji anisamehe. Ile barabara kutoka mji wa pwani wa Saint-Louis ni kama kilomita 37 tu lakini watu wa kule wanaiita ya kona 400, na kuna mahandaki membamba ya gari moja, unapiga honi ndo unaingia, sasa mtu wa kutapika apande na kushuka siku moja halafu arudi tena mpaka Saint-Denis, si mateso hayo? Kaa siti ya mbele, kula kidogo, na mlale huko juu hata usiku mmoja. Tena mawingu kule yanapanda kabla ya mchana, ukichelewa kufika unakuta milima yote imefunikwa, ila ukiamka hapo hapo alfajiri unaziona kuta zote mpaka juu kabisa. Mimi nililala siku mbili na ile asubuhi ya pili sijaisahau mpaka leo.

Lakini mwezi wa pili ungeniuliza kwanza! Huo ni msimu wa vimbunga, Februari 2025 kimbunga Garance kilikipiga kile kisiwa, na hata mvua ya kawaida ikizidi mawe yanaporomoka barabara inafungwa, na ya gari ni hiyo hiyo moja. Kama tiketi hamjakata sogezeni iwe kati ya Mei na Oktoba, mbebe masweta maana kijiji kiko mita 1,200 na usiku wa Julai ni baridi ya kweli. Na viza iandikwe kabisa kwamba ni ya Réunion, ni Ufaransa ndio, wanatumia yuro, ila viza ya kawaida ya Ulaya, ile ya Schengen, haifanyi kazi pale.

Chakula: adesi za Cilaos ni tamu mno, zinalimwa kwenye vijishamba vya huko huko na kuvunwa kwa mkono, ila mara nyingi wanazipika na boucané, na hiyo ni nguruwe ya kukaushwa kwa moshi, kwa hiyo uliza kabla hujaagiza. Wali, samaki, kachumbari na mboga za majani hamtakosa. Saint-Denis Waislamu wapo tangu zamani, msikiti wa Noor-e-Islam ulifunguliwa 1905, nyama nunueni huko mpande nayo.

Halafu ingia nyumba ya wadarizi. Wanachomoa nyuzi kwenye kitambaa wanabakiza vitobo vya mapambo, wewe uliyekulia kwenye kofia za vitobo utakaa hapo saa nzima. Na ukitembea ukumbuke, watu wa kwanza kuishi kule juu walikuwa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Jina lenyewe la Cilaos inasemwa ni la Kimalagasi, mahali pasipoachwa. Wengi walitoka Madagaska lakini wapo waliotolewa huku kwetu, maana mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa visiwa vile vya Wafaransa. Barabara ya gari imefika 1932 tu, kabla ya hapo wagonjwa waliofuata chemchemi za maji moto walibebwa kwenye viti mabegani mwa watu. Mimi nilipolijua hilo kona zote zile sikuzilalamikia tena.

SWALI: Dada, mi kijana wa Moshi, nimeshapanda Kili mara mbili. Hiyo volkano ya Cilaos inawaka? Naweza kupanda na kushuka siku moja? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Inayowaka ni nyingine, Piton de la Fournaise, mita 2,632, iko upande wa kusini mashariki. Juu ya Cilaos ni Piton des Neiges, mita 3,070, imelala maelfu ya miaka, na lile bonde la kijiji si tundu la volkano, ni mlima umebomoka ukaliwa na maji. Siku moja unaweza ila usifanye hivyo mdogo wangu. Kutoka Le Bloc, pale njia ya kupanda inapoanzia, ni ngazi za mawe mfululizo, magoti yanalia. Buku kitanda kwenye kibanda cha Caverne Dufour mapema maana kinajaa, amka usiku na tochi ya kichwani, jua likuchomozee kileleni uone bahari pande zote.