Tulale Mbita au Tuendelee?

SWALI: Mzee wetu, salaam. Mwezi ujao tutatoka Dunga, Kisumu, kwa boti ya injini hadi kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria. Tuko wanne. Mwenzetu mmoja anataka tupumzike Mbita siku nzima, nami naona ni kupoteza wakati. Wasemaje? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Mwanangu, msikilize huyo mwenzenu. Kutoka Dunga mtaikata Ghuba ya Winam karibu yote, na jua la ziwani huchoma mara mbili, toka juu na toka majini. Mkifika Mbita macho yatakuwa mekundu na migongo imekufa ganzi. Halafu kuna upepo. Asubuhi ziwa hutulia, lakini mchana upepo huvuma kuelekea bara, na nje ya ghuba mawimbi yake si ya kuchezea. Nahodha aliyechoka hayaoni vizuri.

Mimi nikitua Mbita, kwanza naitazama injini: nasafisha plagi, nanyofoa magugu-maji kwenye propela. Kisha ngege wa kuchemsha kwa ugali wa mtama, nalala mpaka alasiri. (Simu nazima. Nyinyi vijana hamtaweza.) Jioni pandeni bodaboda mvuke daraja hadi Rusinga, mlione kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwaka 1969.

Boti msiiache ufuoni bila mlinzi. Elewaneni naye bei kabla ya kushuka. Petroli jazeni jioni hiyohiyo, muondoke alfajiri. Na jaketi za kuokolea ziwe nne, si tatu na mtungi.