Waulize Watu, Ila Kachungulie na Pipa Lao la Taka

Mwezi huu barua nyingi zinagusa jambo moja, namna tunavyonunua, tunavyotupa na tunavyoishi na majirani. Nimechagua nne. Mbili nimezijibu kwa urefu kwa sababu zimenikaa rohoni.

Shikamoo dada. Mi ni mwanafunzi wa chuo, nafanya utafiti kuhusu matumizi ya nyumbani na utunzaji wa mazingira. Nimegawa madodoso kwa watu 200, karibu wote wamejibu kwamba hawatupi chakula, wananunua vitu vya kudumu na wanatenganisha taka. Sasa nikipita mtaani kwao mapipa yamefurika na chakula naona kimo humo humo. Msimamizi wangu anasema data ni data, andika ulichopata. Je, wamenidanganya?

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kupita mtaani, maana watafiti wengi wakishakusanya madodoso wanajifungia ndani na kompyuta, basi, habari imeisha. Kudanganya sio neno ambalo mi ningelitumia. Mtu akiulizwa na mgeni mwenye kalamu na karatasi "je, huwa unatupa chakula?", hapo anachosikia ni kwamba anaulizwa kama yeye ni mtu mwema au la, na nani atajitia ubaya mbele ya mgeni? Alafu kuna kusahau. Yale mabaki uliyoyakwangua kwenye sahani jana usiku huku akili iko kwenye kulaza watoto hayakuingia kichwani kabisa, leo ukiulizwa unasema hujatupa kitu na unaamini unachosema. Mdomo ni jumba la maneno, wahenga walishasema.

Kuna mtu alilivalia njuga hilo tatizo lako zamani, anaitwa William Rathje, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani. Si unajua wanaakiolojia wanachimbua vilivyotupwa na watu wa kale ili wajue waliishije, sasa yeye mwaka 1973 akaona kwa nini tusiwafanyie hivo hivo watu walio hai, akaanza na wanafunzi wake kuchambua taka za majumbani katika mji wa Tucson. Mfuko mmoja mmoja unafunguliwa, kila kopo linasomwa lebo na kuandikwa, mabaki ya chakula yanapimwa uzito, na majina ya wenye taka hayaandikwi popote. Wakilinganisha na majibu ya watu, bia zilizokiriwa mdomoni ni chache kuliko makopo yaliyomo kwenye pipa.

Ila kinachonishangaza mimi mpaka leo ni nyama. Mwaka huo huo nyama ya ng'ombe iliadimika Marekani, na we ungedhani kitu kikiadimika watu watakitunza kama mboni ya jicho, kumbe kwenye mapipa nyama iliyotupwa wakati wa uhaba ilikuwa kama mara tatu ya ile iliyotupwa baadae ilipopatikana kirahisi. Maelezo yao ni kwamba watu walinunua kwa hofu, wanabeba nyingi kwa mpigo, wanabeba na aina ambazo hawajazoea kuzipika wala kuzihifadhi, zikawaharibikia. Dodoso gani lingekupa hilo jibu? Baadae, kuanzia 1987, wakaenda kuchimba madampo yenyewe wakakuta magazeti ya miaka mingi nyuma bado yanasomeka, wanayatumia tarehe zake kujua tabaka lile la taka ni la mwaka gani. Watu wengi walikuwa wanaamini madampo yamejazwa na nepi za kutupa na vifungashio vya vyakula vya haraka, kumbe hivo viwili vilikuwa sehemu ndogo tu, karatasi ndo zilikuwa zimejaa.

Kwa hiyo madodoso yako usiyachome. Rudi kwa watu wachache, hata 20, waombe ruhusa kwa heshima na uwaeleze wazi unataka nini, wakikubali mpime pamoja kinachotupwa kwa wiki moja, mizani ndogo ya jikoni inatosha. Alafu badilisha maswali. Hilo neno "huwa" lifute, weka "jana": jana jioni kitu cha mwisho ulichotupa ni nini, kwa nini kilibaki, nani alikitupa. Uliza pia majirani zao wanafanyaje, maana mtu akimsemea jirani anafunguka mambo ambayo mwenyewe hawezi kuyakiri. Na msimamizi wako yuko sawa kwamba uandike ulichopata, ila we umepata vitu viwili, vinywa vimesema hivi na mapipa yamesema vile, viandike vyote, hiyo nafasi iliyopo kati yake ndo utafiti wako ulipo. Na sio jambo dogo hata kidogo, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, kwenye majumba kama hayo uliyoyatembelea.

Dada habari. Nina mifuko ya kitambaa kama kumi na tano ya kubebea vitu. Kila nikitoka nasahau kubeba, nanunua mwingine. Bado natunza mazingira au nimeharibu?

Ukinunua kila mara, hapana, faida imeshapotea. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa hesabu mwaka 2011: mfuko wa pamba inabidi utumike mara 131 ndo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja, hapo wanaangalia joto la dunia peke yake, maana pamba inakula maji, mbolea na nishati nyingi mpaka iwe mfuko. Plastiki inayozagaa na kumezwa na wanyama ni hesabu nyingine, na huko kitambaa kinashinda. Sasa hiyo kumi na tano unayo tayari, chagua miwili, mmoja uning'inize kwenye kitasa cha mlango wa kutokea, mwingine uukunje ukae siku zote ndani ya begi lako la kila siku. Mingine gawa.

Dada, kwetu ni jengo la familia 24. Kila nyumba ina mita yake ndogo ya maji lakini bili inakuja moja tunachangia, na mimi ndo mama niliyechaguliwa kusimamia. Nilibandika tangazo kwenye ngazi: WENGI HUMU MNAPOTEZA MAJI, ACHENI. Bili ikapanda! Sasa nataka kubandika majina ya wanaotumia maji mengi ili waone aibu. Unanishauri nini?

Mama yangu, pole kwa kazi, kusimamia bili ya familia 24 ni mzigo na najua hakuna anayekuambia ahsante. Lakini majina usibandike, nakuomba. Na lile tangazo la kwanza kalibandue leo hii hii.

Soma tena maneno yako, "wengi humu mnapoteza maji". Ulitaka kukemea, ila aliyesoma kaelewa kwamba kupoteza maji ndo kawaida ya hapa, kila mtu anafanya, mimi nijibane kwa faida ya nani? Hili limeshapimwa. Marekani kuna hifadhi yenye miti ya kale iliyogeuka mawe, Petrified Forest, watalii walikuwa wanaondoka na vipande. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake wakaweka alama kwenye vipande, wakabadilisha badilisha mabango njiani. Bango lililosema wageni wengi wameshachukua vipande na hifadhi inaharibika, vilivyoibiwa vilikuwa karibu asilimia 8. Bango lililosema tafadhali usichukue, chini ya asilimia 2. Yani kulalamika kwamba wote wanaiba kuliwapa watu ruhusa ya kuiba!

Najua utasema basi nibandike wastani wa jengo, kila mmoja ajilinganishe. Hata hapo kuna mtego. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika San Marcos, California, nyumba karibu 300, kila mlango uliningʼinizwa karatasi inayosema nyumba hii imetumia umeme kiasi gani na majirani wametumia kiasi gani. Waliokuwa juu ya wastani wakapunguza, sawa, ila waliokuwa chini wakapandisha, maana walijiona wamejinyima bure. Kwa nusu ya nyumba watafiti waliongeza kitu kidogo sana, uso uliochorwa, unaotabasamu kwa aliyetumia kidogo na ulionuna kwa aliyezidisha. Waliopata tabasamu wakabaki chini. Kauso kamechorwa kwenye karatasi! Mi nikisoma hili naona watu tunatamani sana mtu aone tunavyojitahidi, na mara nyingi hakuna anayeona.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila familia ipe karatasi yake, mkononi, sio ukutani, yenye namba yake na wastani wa jengo, na aliyetumia kidogo mwandikie ahsante kwa mkono wako. Kama zaidi ya nusu ya nyumba zinatumia maji kwa uangalifu, hilo ndo lisemwe kwa sauti, ila liwe kweli, ukitunga watajua. Alafu waite kikao. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, 2009, maisha yake aliyatumia kuangalia vijiji na vikundi vinavyotumia kitu kimoja kwa pamoja, malisho, misitu, maji ya kumwagilia, na vilivyodumu alivikuta vinafanana: kanuni wamezitunga watumiaji wenyewe, wanaokagua ni watu wao, na anayekosea anaanza na adhabu ndogo, akirudia inaongezeka. Kwako kanuni zinatoka ukutani, zimeandikwa na mtu mmoja. Ndo maana zinakuelemea peke yako.

Na kabla ya hayo yote kagueni vyoo, maana pengine unamlaumu mtu kumbe ni valvu. Tone la rangi ya chakula kwenye tenki la choo, mkae nusu saa bila kuvuta maji, rangi ikionekana chini kwenye bakuli tenki linavuja, na uvujaji wa namna hiyo hauna kelele, unakula maji usiku na mchana.

Habari dada. Ni baba wa watoto wawili, kazi ninayo. Nikipata stresi naagiza kitu kwa simu, siku kikifika nafurahi, baada ya siku mbili kiko kabatini. Mke wangu kachoka. Naambiwa "ishi na vichache utapata amani", mi naona hayo ni maneno ya walioshiba. Utafiti unasemaje?

Kaka, nusu uko sahihi, na hiyo nusu nitaitetea popote. Aliyekosa paa, dawa au ada ya mtoto, pesa inampa unafuu wa kweli na asiambiwe kwamba vichache ni amani. Ila we umeniandikia kuhusu kabati lililojaa.

Kitu kipya kinafurahisha kwa sababu ni kipya, ukishakizoea hakina tena cha kukupa, hata kingekuwa cha gharama. Mwanasaikolojia Elizabeth Dunn na wenzake mwaka 2008 waliwapa watu bahasha asubuhi, ina dola 5 au 20, wengine wakaambiwa wajinunulie kitu, wengine wamtumie mtu mwingine, mwisho saa kumi na moja jioni. Jioni hiyo waliowatumia wengine walikuwa na furaha zaidi, iwe 5 au 20, na watu walipoulizwa pembeni wabashiri, wengi walibashiri kinyume. Na kuhusu afya, mwanasaikolojia Julianne Holt-Lunstad na wenzake mwaka 2010 walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta wenye mahusiano imara na watu wana nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 50 ya kuwa hai mwisho wa utafiti kuliko wasio nayo. Sasa stresi ikikubana we unashika simu unaenda dukani, na kwenye simu hiyo hiyo kuna namba ya rafiki ambaye hujampigia muda gani?

Futa kadi yako kwenye hiyo programu ya kuagizia, ili kila ukitaka kununua uandike namba zote upya. Hiyo tabia haitaondoka kwa wiki, jipe muda. Alafu Jumamosi moja fungueni lile kabati, we na mkeo, mtoe kitu kimoja kimoja mkiulizana mara ya mwisho kimetumika lini. Zile ambazo bado ziko kwenye boksi zake tafuta mtu mnayemjua anayezihitaji, na usitume mtoto azipeleke, nenda mwenyewe, ukikaribishwa ukae.