Baba anataka kuuza shamba la michungwa ili nikasome Ujerumani

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 25, mzaliwa wa Muheza, na nina mwaka mmoja na miezi mitatu kazini katika kampuni ya mbegu hapa Morogoro. Nimepata udahili wa shahada ya uzamili ya miaka miwili Ujerumani, katika chuo cha umma kisichotoza ada, na masomo yanaanza Oktoba. Ili nipate viza natakiwa kuweka euro 11,904 katika akaunti maalumu. Baba ameamua kuuza shamba la michungwa. Jumamosi nilimkuta akizunguka na mnunuzi, akiipigapiga miti kwa kiganja huku akihesabu. Anasema tukishaweka fedha hiyo masomo yote yatakuwa yamelipiwa, nami sikumsahihisha. Mama hajasema neno. Kaka naye ana rafiki aliye tayari kunikopesha fedha yote, nimrudishie nikishafika. Nichague njia ipi, na niache kazi lini?*
*Mwenye Njia Mbili, Morogoro*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa udahili.

Umenipa njia mbili nikuchagulie, lakini kilichonishika katika barua yako ni maneno uliyoyapitia haraka, kwamba baba anaamini fedha hiyo inamaliza masomo yote nawe hukumsahihisha. Fedha ya akaunti ile ni ya mwaka mmoja tu, yaani euro 992 kwa kila mwezi wa miezi 12, na wakati wa kuongeza kibali cha kuishi utatakiwa kuonyesha upya kwamba unacho cha kukutunza. Kwa hiyo mzee anataka kutoa shamba zima, kwa thamani inayozidi shilingi milioni 30, akidhani amekununulia safari nzima, kumbe amelipia nusu yake. Hujamdanganya kwa maneno, nakubali, ila ukimya wako unafanya kazi ileile, na mnunuzi yule hapaswi kurudi shambani kabla baba hajaujua ukweli huu kutoka kinywani mwako.

Suala la rafiki wa kaka ni jepesi: usikubali. Akaunti ile imefungwa kwa makusudi, na ukishafika Ujerumani inakutolea kiasi kilekile cha kila mwezi, kwa hiyo huwezi kuichota yote siku ya kwanza ukamrudishia mwenyewe. Ukianza kumrudishia kila inapoingia, pango utalilipa kwa nini, na bima ya afya, ambayo kule ni lazima kwa kila mwanafunzi, utailipa kwa nini? Mkopeshaji anayesema "ukishafika utajipanga" ama haijui akaunti hiyo, ama anaijua vizuri na ana hesabu nyingine kichwani. Sina subira na kauli hiyo ya kujipanga, kwa maana anayeitoa mara nyingi siye atakayelala njaa.

Najua utaniambia kwamba utafanya kazi. Sheria inakuruhusu: tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280, na kima cha chini cha mshahara kwa mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Ukikaa na kikokotoo utaona hesabu inatoka vizuri hata unaanza kujiuliza kwa nini watu wanalalamika. Lakini kikokotoo hakijui kwamba utafika bila Kijerumani cha kukutosha kupokea oda mgahawani, kwamba kazi haikusubiri uwanja wa ndege, na kwamba majuma ya mitihani ndiyo hayohayo ambayo bosi anataka watu. Kazi ya kibarua inaweza kuubeba mwaka wa pili, kama utakuwa umejifunza lugha na kuzoeana na watu, ila usiitegemee kulipa deni kuanzia mwezi wa kwanza. Tena hukuniambia chuo kiko jimbo gani. Hakikisha si Baden-Württemberg, kwa sababu huko hata vyuo vya umma hutoza wageni wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, isipokuwa waliosamehewa.

Sasa shamba. Viza ikikataliwa, fedha iliyo kwenye akaunti hurudi, ikiwa imepungua kwa makato, lakini shamba halirudi. Nawe umeandika kwamba mama hajasema neno, kana kwamba kunyamaza ni kukubali. Mwanangu, umekulia katika nyumba hiyo. Mama wa kwetu akiwa na neno zito hasemi mbele ya mume na mgeni, huendelea kupepeta mchele kana kwamba hakusikia. Nenda Muheza mwisho wa juma, kaa naye jikoni kabla hujaongea na baba, umuulize michungwa ile imelipa nini tangu wewe uko darasa la kwanza. Nadhani utasikia ada zako mwenyewe humo.

Ushauri wangu ni kwamba usiende Oktoba hii. Najua unauma, na sikuhakikishii kwamba chuo kitakuhifadhia nafasi, kwani huenda ukalazimika kuomba upya. Lakini DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, lina ufadhili wa shahada za uzamili zinazohusiana na maendeleo, kilimo kikiwamo, kwa watu wa nchi kama yetu wenye uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili. Wewe umebakiza miezi tisa. Ufadhili huo hutoa posho ya kila mwezi, bima ya afya na mchango wa nauli, na barua yake husimama mahali pa ile akaunti. Kozi zinazokubaliwa zimeorodheshwa, kila moja ina tarehe yake ya mwisho, na kwa hesabu ya miezi yako huenda zikakupita Oktoba mbili. Wanaoomba ni wengi na wanaopata ni wachache, kwa hiyo tumia muda huo pia kujifunza Kijerumani na kuweka akiba yako mwenyewe.

Ikiwa baada ya kuujua ukweli wote wazazi wawili bado wanataka kukusaidia, basi wakodishe mavuno ya misimu michache kwa maandishi mbele ya ofisi ya kijiji, ardhi ibaki yao. Kinachopungua mkitafute kwa ndugu, na fedha ya mwaka wa pili iandikwe karatasi ileile itatoka wapi.

Kuhusu kazi, usiandike barua ya kuacha kabla viza haijabandikwa kwenye pasipoti yako. Sasa hivi kila mwezi unaokaa hapo kwenye mbegu unahesabika katika ile miaka miwili, na siku utakapoondoka, mwombe mwajiri barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na majukumu yako, ikiwa na mhuri.

Shangazi