Kushusha nyuma ya kichwa cha semi: ushauri kwa fundi anayeanza

Kijana unayetoka chuoni na kuanza kazi katika gereji za malori za Tabata, Buguruni au kandokando ya Barabara ya Mandela, hutakaa muda mrefu kabla ya kuletewa kichwa cha semi chenye suspensheni ya upepo nyuma, yaani inayobebwa na mifuko ya raba iliyojaa upepo, na mwenye gari akataka kishushwe. Mara nyingi sababu yake ni ya msingi. Sahani inayobeba trela inaweza kuwa juu kuliko trela yenyewe ilivyokusudiwa, hivyo trela ikainua pua, na likipakiwa kontena refu lenye kimo cha mita 2.896 badala ya mita 2.591 za kontena la kawaida, kila sentimita inayopungua ina thamani. Ninachotaka ukishike mapema ni kwamba urefu wa suspensheni hii hubadilishwa kwa spana moja ndani ya dakika chache, na wepesi huo ndio unaoponza, kwa kuwa propela (shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma), shokapu na breki zilipangwa kwa urefu ule wa kiwandani na hazibadiliki zenyewe.

Anza kwa kupima. Gari lisimame kwenye sakafu tambarare, matangi ya upepo yakiwa yamejaa, magurudumu yamewekewa vigingi na breki ya kuegeshea imeachiliwa, kwa sababu breki iliyoshika huzuia magurudumu kujiweka sawa na kukupa kipimo cha uongo. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi chini ya chasisi, kulia na kushoto, kisha uandike. Baada ya hapo muulize mwenye gari anahitaji kushuka kiasi gani hasa. Kama ni milimita 30 tu, kubadilisha tairi za 315/80 R22.5 kwa za 315/70 R22.5 humshusha karibu milimita 31 bila kugusa suspensheni, ingawa lazima umweleze kwamba mzunguko wa tairi utapungua kwa takriban asilimia 6, spidomita itahitaji kurekebishwa, na uwezo wa tairi mpya kubeba mzigo uhakikiwe kwanza.

Ikiwa bado anataka suspensheni ishushwe, fahamu kwamba anayepanga urefu si mfuko wa upepo. Ni valvu ndogo iliyofungwa kwenye chasisi, ambayo mkono wake umeunganishwa na ekseli kwa ufito wa chuma. Mzigo ukiongezeka chasisi hushuka, mkono huinuka, na valvu huingiza upepo hadi urefu urudi pale pale. Mzigo ukitolewa, valvu hutoa upepo. Ukifupisha ufito huo, valvu huchukulia kwamba chasisi iko juu mno, nayo hutoa upepo hadi gari likae chini. Katika magari mapya kazi hiyo hufanywa na sensa na kompyuta, na urefu hupangwa kwa kifaa cha uchunguzi. Kupinda mkono wa sensa ni uharibifu, wala usikubali kuufanya hata ukiagizwa.

Kufupisha ufito peke yake, hata hivyo, huuacha mfuko ukifanya kazi chini ya urefu wake. Nafasi ya upepo ndani hupungua, suspensheni huwa ngumu, na safari ya kwenda juu iliyobaki huwa fupi, hivyo kila tuta la Barabara ya Morogoro huishia kwenye raba ya kuzuia mgongano. Njia sahihi ni kutumia mfuko wenye pistoni (kitako kigumu cha chini ya mfuko) fupi zaidi au kubadilisha kikalio chake, ili mfuko wenyewe ubaki ndani ya urefu ulioruhusiwa na mtengenezaji wake.

Sasa nikupeleke mahali ambapo kazi nyingi huharibika. Katika suspensheni ambayo ekseli imefungwa juu ya mkono mmoja, ulioshikwa mbele kwa pini na nyuma kwa mfuko, mkono ukizunguka, ekseli na difu (boksi la gia lililo katikati ya ekseli) huzunguka pamoja nao. Chukua mkono wenye milimita 500 kutoka kwenye pini hadi kwenye ekseli: ukishusha chasisi kwa milimita 50 tu, mkono umezunguka takriban digrii 5.7, na pua ya difu imegeuka kiasi hicho hicho. Krosi za propela, yaani viungo vya ncha zake vinavyoiruhusu kujipinda, hupenda kufanya kazi kwenye pembe ndogo, isiyozidi digrii 3 hivi, na pembe ya mbele na ya nyuma zinatakiwa kukaribiana sana ili mtikisiko wa moja ufutwe na wa nyingine. Zikitofautiana, propela hutetemeka mara mbili katika kila mzunguko, na krosi mpya hufa mapema huku dereva akilaumu ubora wa spea. Dawa yake ni kuinua mahali pa pini kwenye chasisi kwa kiasi kile kile ulichoshusha, au kuweka kabari za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo kati ya ekseli na mkono, kisha kupima pembe upya. Suspensheni ya fito zinazokwenda sambamba huitunza pembe ya difu vizuri zaidi, lakini nayo ipimwe.

Jambo lingine ambalo wengi hawalitazami ni shinikizo. Katika magari mengi ya aina hii, valvu inayopunguza au kuongeza nguvu ya breki kulingana na mzigo husoma shinikizo lililomo ndani ya mifuko, na geji ya uzito iliyomo kabini husoma hapo hapo. Ukifunga mfuko wenye upana tofauti, mzigo ule ule utaleta shinikizo jingine: breki zitadanganywa, na dereva atafika mizani ya Vigwaza akiamini ekseli zake mbili za nyuma hazijafika tani 18, kumbe zimepita. Breki ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu gari hilo huenda likateremka mlima Kitonga likiwa na tani 56.

Shokapu zibadilishwe pamoja na mifuko, kwani ndizo zinazozuia mfuko usinyooke kupita kiasi; iliyo ndefu mno hugonga mwisho wake gari likishuka. Kamwe usijaze upepo mfuko ambao shokapu zake zimefunguliwa, wala usiingie chini ya chasisi inayoshikiliwa na upepo pekee. Weka stendi imara chini ya chasisi, kisha utoe upepo wote ndipo ufungue boliti ya kwanza.

Kazi ikiisha, jaribu gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, geuza usukani hadi mwisho trela ikiwa imeunganishwa, na uangalie nafasi kati ya tairi, madigadi na fremu ya trela. Gari likirudi kutoka safari ya kwanza yenye mzigo, kaza tena boliti zote kwa spana ya kipimo na upime urefu upya pande zote mbili.